Kwa nini hakuna jicho la kiumbe hai linaloona mawimbi ya redio? (Uzi mrefu, karibuni)

MwalimuWaKadutu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam kutoka Bukavu.

Nafundisha fizikia, sita ya sekondari. Tukifika kwenye somo la mawimbi, kuna jibu moja nalikuta kwenye madaftari ya watoto wetu, limenakiliwa mwaka hadi mwaka: "Hatuoni mawimbi ya redio kwa sababu urefu wa wimbi ni mkubwa." Nukta. Mtoto analikariri, analiandika kwenye Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), anapata alama. Ukimuuliza, "Urefu ukiwa mkubwa, jicho linazuiwa na nini hasa?" anakutazama tu. Linaniuma hilo, kwa sababu jibu lenyewe ni tamu na watoto wananyimwa.

Msingi kwanza. Mwanga na redio ni kitu cha aina moja. James Clerk Maxwell alilionyesha kwa hesabu mwaka 1865, na Heinrich Hertz akalithibitisha kwa vyombo huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888. Vyote viwili husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, vyote viwili hupita mahali pasipo na hewa. Kinachotofautiana ni urefu wa wimbi. Mwanga tunaouona unaanzia takriban nanomita 400 upande wa zambarau mpaka 700 na kidogo upande wa nyekundu, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Ukilisimamisha sebuleni linagusa dari.

Sasa twende ndani ya jicho. Nyuma kabisa kuna retina, utando unaopokea mwanga, na ndani ya seli za retina kuna molekuli ndogo iitwayo retinali, imeshikwa ndani ya protini. Gizani, retinali imejikunja. Fotoni moja ya mwanga, yaani punje moja ya nishati yake, ikiipata, inanyooka, na kazi hiyo inakwisha kwa femtosekunde 200 hivi, muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ikinyooka, protini iliyoishika inabadilika umbo, inaamsha protini nyingine, hizo zinaamsha nyingine, mpaka seli inapeleka habari ubongoni. Kila ulichowahi kukiona maishani kilianzia hapo.

Lakini retinali hainyooki kwa kuguswaguswa. Inadai nishati ya kutosha kwa mkupuo mmoja, kutoka kwa fotoni moja. Fotoni ya mwanga wa kijani ina nishati ya elektronivolti 2.3 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati ndogo mno), na hiyo inatosha. Fotoni ya FM ina elektronivolti 0.0000004. Gawanya: ya kijani inaizidi ya redio zaidi ya mara milioni 5.

Hapa ndipo mwanafunzi mwerevu anainua mkono: "Mwalimu, si zitakuja nyingi zikajumlishwa?" Kweli ni nyingi. Mtambo wa FM wa kilowati 1 unatoa kila sekunde fotoni zinazoandikwa 15 na sifuri 27 nyuma yake. Lakini fikiria avoka juu ya mti. Jiwe moja likilenga vizuri linaiangusha. Ukirusha gunia zima la mchanga, chembe moja moja, kutwa nzima, avoka itabaki pale pale juu. Kila chembe inagonga na kuanguka, hakuna inayoiachia ya pili deni la kumalizia. Retinali iko hivyo. Isipopata jiwe lake, inachopata ni joto kidogo tu, nalo linasambaa.

Na hilo joto ndilo jambo ninalotaka hasa tulijadili, maana vitabu vya shule vinalipita. Mwili wetu uko kwenye digrii 37. Kwa joto hilo kila molekuli ndani yetu inatikisika bila kupumzika, na mtikisiko wa kawaida una nishati ya elektronivolti 0.027 hivi. Linganisha na fotoni ya FM: joto la mwili wako mwenyewe linaizidi zaidi ya mara 60,000. Tuseme basi Muumba au maumbile yangetengeneza molekuli nyepesi kiasi cha kushtushwa na fotoni ya redio. Molekuli hiyo ingeshtushwa na joto la jicho lenyewe kabla stesheni yoyote haijawashwa. Ingewaka muda wote. Usiku, mchana, macho wazi, macho yamefungwa, ungeona mwako mmoja usiokatika, na ndani yake usingetambua kitu.

Kwa hiyo jicho halikushindwa kuona redio kwa sababu ni dhaifu. Limekuwa gumu kwa makusudi ya kazi yake, lisipigwe chenga na joto lake. Angalia lilivyofaulu: seli moja ya retina inayoona gizani ina molekuli kama milioni 100 za aina hii, na bado inatoa habari ya uongo mara moja tu kwa dakika mbili tatu. Molekuli moja moja inakaa karne kadhaa bila kujikosea. Ndiyo maana mwaka 1942 Selig Hecht, Simon Shlaer na Maurice Pirenne waliweza kupima kwamba mtu aliyezoea giza anatambua mmweko wa fotoni chache mno, hata chini ya kumi zikiipata retina. Chombo kinachosikia fotoni chache hivyo hakiwezi kuwa chepesi wa kushtuka ovyo.

Nasimama hapa kwanza. Maswali karibu.

MamaNguba

Mwalimu, aksanti kwa somo. Hiyo retinali ndiyo ile vitamini A wanayotuambia kwenye kituo cha afya?

MwalimuWaKadutu

Ndiyo mama, ndiyo yenyewe. Mwili unaitengeneza retinali kutoka vitamini A. George Wald ndiye aliyeikuta vitamini A ndani ya retina mwaka 1933, na mwaka 1967 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mtoto anayekosa vitamini A, jua likizama anaanza kujigonga kwenye viti, kwa sababu seli za gizani zimeishiwa malighafi. Mawese mekundu na sombe (majani ya muhogo) vina malighafi hiyo kwa wingi. Lakini mawese yakipikwa mpaka yakawa meupe, kile kilichoyapa wekundu, ambacho ndicho tunachokitaka, kimeungua.

Binti_Ibanda

Kaka mwalimu, sijaridhika bado. Kama fotoni ya redio ni dhaifu kuliko joto la mwili, simu yangu inaipataje? Simu nayo ina joto. Nikiongea saa nzima inaunguza sikio.

MwalimuWaKadutu

Dada, umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe napenda kulifundisha kuliko yote.

Simu yako ina macho mawili, na hayafanani. La kwanza ni kamera. Kamera ni kipande cha silikoni, na silikoni inafanya kama retina: inadai fotoni moja yenye nishati ya kutosha, elektronivolti 1.1 kwenda juu, ndipo iachie elektroni. Kwa hiyo kamera ya simu nayo haioni redio kabisa, hata ya bei gani. Jaribu hivi: chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza. Kwa jicho huoni kitu, lakini kwenye kioo cha simu utaona kitaa cha mbele ya rimoti kinametameta, cheupe cha zambarau. Ule ni mwanga wa nanomita 940 hivi, uko nje kidogo tu ya nyekundu. Silikoni inaupata, retinali haiupati. Sasa elekeza kamera hiyo hiyo kwenye mnara wa simu: chuma na anga, basi.

Jicho la pili la simu ni antena, kipande cha chuma. Chuma kina tabia nyingine. Elektroni zake hazikufungwa kila moja kwenye molekuli yake, zinatembea huru. Wimbi la redio likipita, fotoni zake hazihitaji kufanya kazi moja moja. Zinakuja nyingi mno kwa mpigo mmoja, na elektroni zote za waya zinasukumwa pamoja kwenda na kurudi, mara milioni 100 kwa sekunde kama ni FM. Huo tayari ni mkondo wa umeme. Mdogo, ndiyo, lakini hakuna kizingiti ambacho lazima uvuke. Kisha saketi inachagua masafa (idadi ya mipigo kwa sekunde) inayoyataka tu, inayaacha mengine yote, na inakuza kilichobaki.

Na joto halikukosea njia: elektroni za waya nazo zinatikiswa nalo. Ile "shhhh" unayoisikia kati ya stesheni mbili, sehemu yake ni joto la vyuma vya redio yenyewe. Redio inashinda kwa sababu stesheni inapiga mpigo unaoeleweka kwenye masafa mamoja, na joto linapiga ovyo kila mahali.

Sasa kwa nini mwili haukuota antena? Kwanza hatuna chuma cha namna hiyo. Maji ya chumvi yaliyo mwilini yanapitisha umeme, lakini shaba inayazidi kwa mamilioni ya mara. Pili, hata ungekuwa na waya, mshipa wa fahamu una kikomo: unaweza kupiga mara mia kadhaa kwa sekunde, ukijitahidi sana elfu moja. Redio inapiga mara milioni 100. Hakuna mshipa utakaofuata mpigo huo.

MtotoWaHimbi

Mi niko Goma. Mwalimu, naomba nipinge kidogo. Lava ya volkano yetu Nyiragongo, ya Mei 2021, sisi tuliipanda kule Buhene siku chache baadaye. Ilikuwa nyeusi tii, lakini uso unaungua ukiisogelea, hata pale ambapo upepo unatoka nyuma yako. Ile si ni mawimbi pia ambayo hayaonekani? Na mwili unayapata. Tena chatu anawinda panya usiku wa giza kwa joto. Basi si kweli kwamba kiumbe hai hawezi kupata mawimbi dhaifu.

MwalimuWaKadutu

Ndugu yangu, karibu sana, na hoja yako ni ya nguvu. Tuifungue taratibu.

Ile iliyokuunguza uso ni infraredi, ndiyo, ni mawimbi ya familia hii hii. Kila kitu chenye joto kinayatoa. Mwaka 1847 John Draper alipima kwamba vitu vigumu vikifika digrii 525 hivi ndipo vinaanza kuonekana vyekundu gizani. Lava ikitoka Nyiragongo ina digrii 1,000 na zaidi, inawaka rangi ya chungwa. Ikishuka chini ya 525, juu inakuwa nyeusi machoni, lakini haijaacha kumimina infraredi. Kwa hiyo uliyokuwa unakanyaga ilikuwa inang'aa sana, kwa mwanga ambao retinali haina habari nao.

Lakini ngozi yako iliupataje? Haikupokea fotoni kama retina inavyozipokea. Ilipashwa moto tu, na mishipa ya joto ikapiga kelele. Chatu naye ni hivyo hivyo. Yale matundu yaliyo kwenye midomo yake yana ngozi nyembamba yenye mishipa mingi, na ngozi hiyo ikipata joto kidogo tu juu ya ile ya jirani, chatu anajua panya yuko upande gani. Anapima joto. Hapo ametumia ujanja mkubwa, kwa sababu fotoni ya infraredi inayotoka kwa panya ina elektronivolti 0.12 hivi, haiwezi kuinyoosha retinali hata kidogo.

Horace Barlow aliliona jambo hili mwaka 1957: kadiri molekuli ya kuonea inavyosogezwa kuelekea nyekundu, ndivyo joto linavyoichokoza zaidi, na jicho linajaa habari za uongo. Kwa hiyo njia ya retina inakwama mapema sana, kwenye ukingo wa infraredi. Redio iko mbali mno zaidi ya hapo.

Je, redio ingeweza kupatikana kwa njia ya chatu, kwa kupashwa? Kwa redio yenye nguvu kubwa, ndiyo, utahisi joto. Tanuri la maikrowevu ni hilo hilo. Lakini zile zinazotuzunguka Bukavu na Goma kila siku, ukiziweka pamoja zote, zinapasha ngozi kidogo kiasi kwamba jua la asubuhi likipita kwenye upenyo wa ubao linazifunika.

FundiMinara

Mwalimu, mimi napanda minara, huu mwaka wangu wa pili sijashuka sana (kazi ipo). Kwenye hili la kupashwa naomba niseme kitu kwa vijana wanaosoma hapa. Usisimame mbele ya antena inayotuma kwa karibu, na usiweke uso. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuiondolea joto, ikipashwa sana inaharibika, inaanza kuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Sisi tunazima kwanza ndipo tunapanda. Mtu aliye chini barabarani hana shida hiyo, nguvu imeshatawanyika.

Halafu kuna kitu nakiona kila siku na sijawahi kuelezwa vizuri. Sahani za kuunganisha mnara na mnara ni ndogo, sentimita 60 nyingine 30, na zinalenga mstari mwembamba mpaka upepo ukizisogeza kidogo tu mawasiliano yanakatika. Lakini antena ya FM huwezi kuilenga hivyo hata ufanyeje.

MwalimuWaKadutu

Asante sana fundi, na umeleta ukuta wa pili bila kuutaja jina. Hata tukisamehe suala la nishati lote, jicho la redio lingekwama hapa.

Wimbi lolote likipita kwenye tundu linatawanyika. Tundu likiwa pana sana kulinganisha na wimbi, kutawanyika ni kidogo na picha ni safi. Tundu likikaribiana na wimbi, picha inavurugika. Kanuni tunayoifundisha ni hii: pembe ndogo kabisa unayoweza kutenganisha ni 1.22 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa upana wa tundu. Sahani zako ndogo zinatumia mawimbi ya sentimita moja, mbili. Sentimita 60 ni pana mara nyingi kuliko wimbi, ndiyo maana zinalenga. FM ina mita 3.

Jicho zuri la binadamu linatenganisha pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Weka kwenye kanuni mwanga wa nanomita 500: unapata tundu la milimita 2 na kidogo. Na kweli mboni ya jicho mchana ina upana wa milimita 2 mpaka 4. Hapo nataka watoto watulie waangalie: hesabu imetoa ukubwa wa mboni yao wenyewe.

Sasa weka Wi-Fi, wimbi la sentimita 12.5. Ili uone kwa ukali ule ule, mboni yako iwe na upana wa mita zaidi ya 500. Weka FM: kilomita zaidi ya 12. Mdomo wa Nyiragongo wote una kilomita 1.2 hivi. Jicho la kuonea FM lingetaka mboni pana mara kumi kuliko mdomo wa volkano.

Na ukibaki na mboni ya milimita 3? Wimbi linaizidi mara elfu moja. Hakuna picha kabisa. Hata mtu mzima amesimama mbele yako, mita 1 na sentimita 70, ni mfupi kuliko wimbi lenyewe. Usingemtofautisha na meza.

Wanaosoma anga kwa redio wamelipa gharama hiyo hiyo. Afrika Kusini, kwenye jangwa la Karoo, kuna MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018: sahani 64, kila moja mita 13.5, zimetawanywa mpaka kilomita 8 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na kompyuta inaziunganisha zifanye kazi kama jicho moja. Ndipo wakapata picha ya katikati ya galaksi yetu yenye nyuzi na mapovu ambayo mwanga wa kawaida hauyafikii kwa sababu ya vumbi. Rangi za picha ile zimepakwa na kompyuta. Redio haina nyekundu wala buluu.

Baba_Bagira

Mwalimu, sisi wazee tunasema Mungu aliweka kila kiungo kwa kipimo chake. Sioni kama umepingana na hilo. Lakini nieleze: kwa nini kipimo kikawa mwanga na siyo kingine? Kuna infraredi, kuna zile za nyuki, kuna redio.

MwalimuWaKadutu

Shikamoo baba. Sipingani nalo, nami napenda kuona kipimo kilivyopimwa.

Karibu nusu ya nishati ya jua inafika ikiwa mwanga huu tunaouona, au jirani yake kabisa. Redio inayotoka kwenye jua ni kidogo mno. Kwa hiyo vitu vinavyotuzunguka, majani, mawe, mtu anayekuja, vimemulikwa na mwanga, havikumulikwa na redio.

Kisha maji. Macho ya kwanza yalitokea baharini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Maji ya bahari yanameza karibu kila aina ya mawimbi haya: infraredi nyingi inaishia sentimita chache, redio nyingi hazifiki mbali. Wenye manowari wanalijua hilo, wanalazimika kutumia mawimbi marefu ajabu ili ujumbe uzame. Katikati ya hayo yote kuna dirisha jembamba ambamo maji yanapitisha, na dirisha hilo ndilo mwanga wa buluu na kijani. Jicho lilizaliwa ndani ya dirisha hilo, na mpaka leo limejaa maji.

Nyuki anaenda kidogo upande wa urujuanimno, mawimbi mafupi kuliko zambarau, samaki wengine kidogo upande wa nyekundu. Wote wanazunguka uwanja huo huo.

MamaNguba

Mimi naongeza langu la nyumbani. Mvua ikianza kujikusanya upande wa Kabare, redio yangu ya betri inapiga "kra, kra" hata kabla sijasikia radi. FM haifanyi hivyo sana, ni ile bendi ya zamani. Hiyo nayo ni redio inayotoka kwa nani?

MwalimuWaKadutu

Mama, inatoka kwenye radi yenyewe. Umeme wa radi ni antena ya kilomita kadhaa, inatuma kwenye masafa mengi kwa pamoja, hasa ya chini. Ndiyo maana AM inapiga kelele na FM inatulia. Na umekaa mahali pazuri duniani pa kusikilizia: takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliweka eneo la Kabare la kwanza Afrika na la pili duniani, mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233 hivi.

Fanya jaribio hili usiku mmoja wa mvua, wewe na watoto, mkiwa ndani. Weka redio kwenye AM mahali pasipo na stesheni. Angalia dirishani. Utaona mmweko na kusikia "kra" ya redio papo hapo, vyote kwa pamoja, halafu ngurumo inakuja nyuma, sekunde tatu kwa kila kilomita. Tukio moja, mawimbi mawili ya familia moja yamefika sawia, moja limepokelewa na retina yako, la pili na waya.

Halafu chukua redio ndogo, iweke ndani ya sufuria kubwa ya aluminiamu, funika vizuri. "Kra" inafifia au inakufa. Ukifunika kwa ubao, haifi. Ubao unazuia mwanga na kupitisha redio.

MwanaLushi

Nasalimia toka Lubumbashi. Uzi mzuri. Lakini msimalize bila samaki wa mto Kongo wenye pua ndefu, wale wa umeme. Na nilisoma kuhusu ndege wa Ulaya waliovurugwa na redio. Hapo si jicho limeathirika?

MwalimuWaKadutu

Karibu ndugu wa Lushi. Samaki kwanza. Wale wa pua ya tembo wanatoa mipigo midogo ya umeme kwenye maji ya matope, na ngozi yao inahisi jinsi kitu kilicho jirani kinavyouvuruga umeme huo. Wanahisi mambo ya karibu sana, kwa masafa ya chini ambayo mishipa inaweza kuyafuata. Ni hisia ya ajabu, lakini si kuona mawimbi yanayosafiri kutoka mbali.

Ndege ni jambo zito zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walieleza walivyowaweka ndege wadogo waitwao robini ndani ya vibanda vya mbao chuoni. Ndege hao huhama usiku na hutumia usumaku wa dunia kama dira. Mle ndani dira ilipotea. Vibanda vikafunikwa na bati za aluminiamu zilizounganishwa na ardhi, na ndege wakapata mwelekeo. Waya wa ardhi ukikatwa, wanapotea tena. Kilichokuwa kinawavuruga ni kelele dhaifu za redio za mjini.

Maelezo yanayoaminiwa na wengi ni kwamba kuna protini ndani ya retina yao, kriptokromu. Mwanga ukiipiga, inazaa jozi ya elektroni ambazo mwelekeo wa usumaku unaamua zimalizike vipi. Angalia mpangilio: kazi ya nishati imefanywa na fotoni ya mwanga. Redio inakuja kuikoroga jozi ambayo tayari imezaliwa, katika muda mfupi kabla joto halijaifuta. Redio haikuianzisha. Na ndege hapati picha ya mnara wala hajui redio inatoka wapi. Anapoteza dira tu.

FundiMinara

Masafa gani hayo, mwalimu? Nisije nikalaumiwa na mabwana ndege.

MwalimuWaKadutu

Kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, fundi. AM imo ndani, pamoja na kelele za vifaa vya umeme vya majumbani. FM yako ya megahezi 100 na masafa ya simu yako juu mbali na hapo.